Vua Buti, Antoni

Siku Antoni alipomkanyaga Ng'washi pale Kigongo, kivuko kilikuwa kimeshatia nanga na watu wanasukumana kama wanaogawiwa sukari. Nguzo za daraja zilikuwa zimesimama majini, zinakaribia kukamilika, lakini kwa wakati huo njia ya kwenda Busisi ilikuwa ile ile ya kubanwa na matenga ya nyanya na kumwomba Mungu.

Ng'washi alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa vizuri kiunoni. Miguuni alivaa viatu vyeusi vya kufunika, na jua lilikuwa la utosi. Buti la mtu likamtua juu ya vidole.

"Mungu wangu! We kipofu?"

"Samahani dada, nimesukumwa."

"Umesukumwa ukachagua mguu wangu! Ondoa hilo trekta lako!"

Mwenye buti alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyojaa vitobo vya cheche, kofia ngumu kwapani. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule darajani. Alipoona machozi kwenye macho ya yule dada, akashtuka kweli.

"Nimekuvunja?"

"Unaona nacheza?"

"Basi nipe namba yako, jioni nijue mguu umeshindaje."

"Nikupe namba ili unikanyage na kwenye simu?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Antoni naye akacheka, meno meupe, wala hakukasirika. Hilo ndilo lililomuudhi Ng'washi zaidi, na kabla kivuko hakijagusa Busisi alikuwa ameshampa namba.

Simu ilikuja jioni ile ile.

"Habari yako, Mama Kisirani. Mguu?"

"Mguu haukuhusu."

"Nimeukanyaga, unanihusu."

"Wewe Buti, huna kazi ya kufanya?"

"Ninayo. Ndiyo hii."

Mapenzi yao yakaanza hivyo, kwa kurushiana maneno, na yakaendelea hivyo. Daraja lilipokamilika, Antoni alipata kazi katika karakana moja ya mageti Nyamagana, akapanga chumba Nyegezi. Ng'washi alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara ufukweni, anasimama kutwa kwenye maji baridi akiwa na gambuti. Wakikutana Jumapili waligombana kuhusu chumvi kwenye mboga, kuhusu mpira, kuhusu nani alikata simu. Kisha walicheka. Rose, shoga yake wa kiwandani, alikuwa akisema, "Nyie siku mkipatana mtaachana."

Kitu kimoja Ng'washi hakuwahi kukigombania wala kukitaja. Miguu yake.

Ilikuwa imeanza na muwasho mdogo kati ya vidole viwili vya mwisho, mwaka wake wa kwanza kiwandani. Baadaye ngozi pale ikawa nyeupe kama iliyochemshwa, ikachanika. Nyayo zikaanza kutoa magamba makavu yasiyokwisha, kucha za vidole gumba zikawa za njano, nene, zinamomonyoka. Aliloweka kwenye maji ya chumvi. Alipaka siki. Kuna mwenzake alimshauri maji ya betri, akajaribu, akalala anauma kanga kwa maumivu. Duka la dawa walimpa mrija wa krimu uliotuliza muwasho ndani ya siku chache, na akiacha tu, ugonjwa unarudi umepanua eneo. Akawa hakosi mrija mkobani.

Kwa Antoni alilala na soksi. "Mimi nasikia baridi," alisema. Antoni naye akalala na soksi zake, na Ng'washi akadhani anamtania. Asubuhi alivaa kandambili za Antoni kwenda bafuni, haraka, kabla mwenyewe hajaamka.

Kisha ikaja sherehe ya kipaimara cha binti wa Rose, kule Kisesa. Sebule ilikuwa imetandikwa zulia jipya na viatu vyote viliachwa mlangoni. Ng'washi aliingia na soksi nyembamba za nailoni, amevaa suti ya rangi ya zambarau, hereni ndefu, amependeza mpaka wanawake wakamgeukia. Antoni alikuwa ameketi kwenye kochi na shati jeupe, soksi nyeusi. Chakula kikapita, muziki ukapita, na mgeni mmoja akamwaga soda yote juu ya mguu wa Ng'washi.

"Jamani, vua hiyo soksi, utapata mafua!" Rose akasema, na kwa wema wake akainama, akaivuta.

Sebule yote ikaona. Nyayo, magamba, kucha. Kimya kikaingia, kile kimya cha watu wanaotafuta pa kutazama. Na katika kimya hicho sauti ya Antoni ikasikika, kubwa kuliko kawaida:

"Heee! Huo mguu au sato aliyekosa wa kumpara?"

Kicheko kikapasuka. Hata mama mkwe wa Rose alificha uso kwenye kitenge. Ng'washi alimtazama Antoni, na Antoni akatazama sahani yake. Ng'washi akaokota viatu vyake mlangoni, akatembea peku mpaka barabara kuu.

Antoni alipiga simu mchana wa kesho yake, akapiga tena, akapiga tena. Ng'washi akapokea.

"Mpenzi, ilikuwa utani."

"Usiniite mpenzi."

"Ng'washi, unanijua mdomo wangu..."

"Nilikuwa naujua. Kumbe kuna kingine humo ndani. Watu wote pale walinyamaza, Antoni. Hata wasionijua walinyamaza. Wewe unayenijua ndiye uliyewafungulia kicheko."

"Naomba nije tuongee."

"Ukija nitakumwagia maji ya sangara. Kaa huko huko."

Akamzuia kwenye simu. Akalia, akamaliza, akaomba ruhusa kazini.

Daktari wa ngozi aliyeelekezwa kwake alikuwa mama mmoja wa Kihindi, Dokta Urvashi, mzaliwa wa Mwanza, mfupi, sari ya kijivu chini ya koti jeupe, na uso wa mtu asiyependa kupotezewa muda.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Panda kitandani, toa viatu."

Ng'washi akasita.

"Mama, mimi kazi yangu ni ngozi. Ukificha, nitatibu kiatu?"

Akavua. Daktari hakukunja uso. Alivuta taa, akatanua vidole kimoja kimoja, akauliza vilianza kuwasha lini, kazi gani, viatu gani. Kisha akataka kuona alichokuwa anapaka. Alipouona ule mrija akautupa mezani kwa hasira.

"Nani alikupa hii?"

"Duka la dawa."

"Hii inazima muwasho, basi. Wewe unafikiri unapona, kumbe unaunenepesha ugonjwa. Lakini tusiseme kwa macho tu. Miguu mingi inatoka magamba na siyo fangasi."

Akakwangua magamba kwa kisu chembamba, akachukua na unga wa chini ya kucha, akaweka kwenye kioo na tone la dawa. Baada ya kusubiri kidogo akaangalia kwenye hadubini, akamwita Ng'washi naye aangalie. Aliona nyuzi nyembamba zenye matawi, zimepita katikati ya ngozi kama mizizi ya nyasi.

"Hao ndio wapangaji wako. Sasa tumewajua kwa jina. Tutapima damu tuone ini lako kama linahimili vidonge. Utameza kwa wiki kadhaa, usiache muwasho ukikatika, maana hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Krimu hii nyingine, kati ya vidole, baada ya kukausha vizuri. Kucha zitachukua karibu mwaka kuota upya. Soksi badilisha kila siku, na gambuti lisikauke mguuni, likauke juani. Na hivyo vidonda kati ya vidole ni mlango wazi. Bakteria wakiingia hapo, mguu unavimba mpaka paja. Nimeona watu wakilazwa." Akaanza kuandika dawa. "Kuna mtu mnabadilishana kandambili? Taulo?"

Ng'washi akafungua mdomo kusema hakuna. Akaona soksi nyeusi kwenye kochi la Rose. Akaona zile soksi kitandani Nyegezi, kila wiki, hata ule mwezi wa joto kali.

"Yupo," akasema. "Mshenzi mmoja."

"Mlete. Mkitibiwa mmoja, mtaambukizana tena."

"Ni yeye aliyeniambukiza?"

"Wewe ulikuwa nao kabla ya kumjua, umesema mwenyewe. Mtagombana nani alianza, fangasi wanaendelea kula."

Lakini Ng'washi hakuwa na haraka ya kumponya mtu. Alitoka pale na joto kifuani, akashika bajaji moja kwa moja mpaka karakana. Mafundi walikuwa kazini, cheche zinaruka. Antoni alikuwa ameegemea geti ambalo halijapakwa rangi, miwani ya giza kichwani. Alipomwona, uso wake ukafurahi, kisha ukaogopa.

"Ng'washi..."

"Vua buti."

"Nini?"

"Vua buti, Antoni. Mbele ya wenzako."

"Niko kazini, mama. Ngoja nitoke tuongee vizuri."

"Mimi hukuningoja nitoke. Vua!"

Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Antoni alijaribu kucheka na kicheko hakikutoka. Jasho lilikuwa linamtiririka kuliko wenzake wote, na uzito wote alikuwa ameuegemeza mguu wa kulia. Akaketi kwenye bomba la chuma, akavuta buti la kushoto. Halikutoka. Akavuta tena, akauma midomo. Ng'washi akainama, akalishika kisigino, akalivuta mwenyewe.

Harufu ilitangulia. Soksi ilikuwa imeshikana na ngozi. Kati ya vidole palikuwa pameoza kabisa, na kutoka pale wekundu ulipanda juu ya mguu mpaka chini ya goti, umevimba, unang'aa, wa moto. Ng'washi aliugusa bila kutaka.

"Loo!" fundi mmoja, Machibya, akapiga kelele. "Huyu naye sangara wa juzi!"

Wote wakaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho alichokifuata Ng'washi kutoka kliniki. Alikuwa amekiandaa kichwani njia nzima. Sasa kimefika, na hakikuwa na utamu wowote. Antoni alikuwa ametazama chini kama siku ile alivyotazama sahani.

Ng'washi akasimama, akawageukia.

"Nani kacheka? Wewe Machibya? Vua na lako tuone."

Machibya akarudi nyuma.

"Wote mnavaa mabuti kutwa. Haya, vueni!"

Hakuna aliyevua. Mashine moja ikawashwa haraka.

"Simama," akamwambia Antoni. "Unakwenda hospitali. Na usidhani nimekusamehe."

Ndani ya bajaji Antoni alikuwa anatetemeka kwa homa.

"Tangu lini?" Ng'washi akauliza.

"Zamani. Tangu darajani."

"Na ukanicheka."

"Kila mtu alikuwa anatazama miguu. Nikaona wakimaliza yako watakuja kwenye yangu."

"Ukanitoa mimi kafara."

Antoni akasema polepole, "Nilikutoa wewe. Sina la kujitetea."

"Basi nyamaza, nisije nikakushusha hapa Nata ukatambaa."

Alilazwa. Walimchoma sindano mpaka wekundu ukashuka, kisha Dokta Urvashi akamkwangua naye, akaona nyuzi zile zile, akampa vidonge na krimu. Ng'washi alimletea uji wodini, akauweka mezani, akaondoka bila kuketi. Siku nyingine akamletea soksi za pamba na kandambili mpya.

"Hizi zako. Zangu ninazo. Usithubutu kuvaa za mtu."

"Asante, mpe..."

"Maliza hilo neno uone."

Miezi ikapita. Tarehe zao za kliniki ziligongana, wakawa wanakaa benchi moja, Ng'washi mwisho huu, Antoni mwisho ule, katikati mkoba. Siku moja Antoni alisema, bila kumtazama, kwamba alikwenda kwa Rose, Kisesa, akasimama mbele ya mama mkwe na majirani, akavua soksi zake na kuwaambia ukweli. Ng'washi alikuwa ameshasikia kwa Rose. Alisema tu, "Ulichelewa," lakini siku hiyo mkoba aliuweka mapajani.

Kucha za Ng'washi ziliota safi, nyembamba, za waridi. Daktari akakwangua mara ya mwisho, akatazama hadubini, akasema, "Umepona. Usirudi hapa ila kunisalimia." Alitoka akapita mbele ya Antoni bila kuaga, kwa sababu hakujua aage vipi.

Mwezi uliofuata Antoni alifika kliniki, amechomekea shati la bluu, ndevu zimenyolewa. Akamkuta Ng'washi kwenye benchi, amevaa gauni la maua na ndala za kamba, vidole vyote nje, kucha zimepakwa rangi nyekundu.

"Wewe si umeambiwa umepona?"

"Nimekuja kuhakikisha unapaka dawa."

"Napaka."

"Unatoa mabuti juani?"

"Natoa. Ng'washi, hilo tu ndilo lililokuleta?"

Ng'washi akasogea kidogo, akampisha nafasi. Antoni akaketi.

"Nikipona mimi," akasema kwa woga, "utakuja kwangu?"

"Nije kwako nina shida gani? Ukipona utakuja wewe, nyumbani, kwa baba." Sauti ilikuwa kali bado, ila mkono wake ulikuwa umeshaufikia mkono wa Antoni. "Na uje na mshenga, mtu mzima mwenye akili, aongee yeye kila kitu. Wewe utasema shikamoo na kula chakula tu. Huo mdomo wako bado siuamini."

Nesi akatokea mlangoni, akaita jina la Antoni. Antoni hakusikia. Nesi akaita tena.

"Nenda," Ng'washi akasema, "unaitwa." Lakini mkono hakuuachia.