Chungu cha Kumi na Mbili

"Tisa… kumi… kumi na moja."

Sauti ilinyamaza nyuma ya mlango, kisha ikaanza upya. "Moja… mbili…"

Inspekta alisita kugonga. Amewahi kusikia watu wakilia na wengine wakitukana. Hajawahi kusikia mtu akihesabu kwa huzuni namna ile.

"Afande," Koplo akanong'ona, anahema, "kweli tumepanda ngazi zote hizi kwa sababu ya ua?"

"Amekuja kituoni asubuhi tatu mfululizo. Mtu hasumbuki hivyo kwa ua tu. Gonga."

Aliyefungua alikuwa mkunga mstaafu, mama mwenye mikono iliyokwajuka kwa miaka ya sabuni. Majirani walimwita Mama Sabuni, naye alijua. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye baraza iliyozibwa kwa vioo. Kwenye rafu mbili zilijipanga okidi kumi na moja, kila ua na chungu chake. Ya kumi na mbili ilikuwa pengo.

"Ziliachwa na marehemu mume wangu," alisema. "Iliyoibwa aliilea miaka sita. Haijawahi kutoa ua hata moja. Alikufa akiisubiri. Mimi nataka tu niione inachanua, kwa niaba yake."

Koplo alikuwa tayari na brashi ya kuchukulia alama za vidole. Aliinama, akanusa rafu, akainua uso.

"Mama, umeosha hapa?"

"Palikuwa na uchafu."

"Umeosha eneo la tukio!"

"Mwanangu, mwizi akiingia kwako hufuti nyayo zake?"

Koplo akafunga brashi yake. Inspekta aliuma mdomo asicheke.

Alikagua mlango. Kitasa kizima, komeo halina mkwaruzo. Akarudi kwenye rafu. Okidi mbili zilikuwa zimechanua, moja nyeupe, moja ya zambarau, nzuri za kumsimamisha mpita njia. Mwizi aliziacha.

"Iliyoibwa ilikuwaje?"

"Majani mawili tu. Moja limelegea, la pili la njano." Mama aliinamisha macho. "Ilikuwa mbaya, nasema kweli."

Inspekta alivaa glavu, akainua chungu kimoja. Magome ya miti yaliyoshikilia mmea badala ya udongo yalikuwa yamelowa chepechepe. Katikati yake, mizizi mitatu ilikuwa imekatwa kwa kitu chenye makali, na kila jeraha limepakwa unga wa kahawia. Akanusa. Akamsogezea Koplo.

"Mdalasini," Koplo akasema, macho yamemtoka. "Afande, huyu mwizi alikuja kupika?"

Walikagua vyungu vyote. Vinne vilikuwa na mizizi iliyokatwa vilevile. Mizizi iliyooza iliondolewa, mizima ikaachwa.

"Mama, wewe hutumia mdalasini?"

"Sina hata kijiko chake ndani."

"Unazimwagilia mara ngapi?"

"Kila siku. Zote, sawasawa, kama watoto wodini. Sitaki kupendelea."

"Kwa nini hazina majina?"

Mama aligeuza chungu kimoja kidogo. "Marehemu alizijua kwa sura."

Dirishani palikuwa na bilauri yenye vijiti vya plastiki, vyeupe pee. Inspekta alivihesabu kimoyomoyo. Kumi na viwili.

Kumbe kulikuwa na mshukiwa. Mama alimtaja kwa kidole, akielekeza sakafuni: fundi cherehani wa ghorofa ya chini, aliyehamia miezi sita iliyopita na kugombana naye tangu wiki ya kwanza.

"Mkamateni. Alisema atazitupa."

Fundi aliwapokea na futi ya kupimia shingoni.

"Nilisema, ndiyo! Maji yake yamedondokea suti ya bwana harusi. Bwana harusi mzima, afande, mgongoni ana ramani!"

"Ulipanda juu Jumanne, siku ya wizi?"

"Ningepanda ningebeba zote. Nibebe moja ili iweje, ibaki kumi na moja kunidondoshea?"

"Uliona mtu?"

"Mchana alishuka dada mmoja na ndoo, kaifunika khanga. Akapita hapa akasema, 'Shikamoo fundi.'" Alikunja uso. "Mwizi gani anaamkia watu?"

"Alikuwaje?"

"Mrefu. Miwani. Alikuwa anaibeba ile ndoo… nisemeje? Kama amebeba uji wa moto."

Walipanda tena. Safari hii Inspekta hakwenda barazani. Alisimama sebuleni mbele ya picha: mwanamume mwenye mvi, na pembeni yake msichana wa miaka kumi hivi, kashika chungu kwa mikono miwili kama kombe la ushindi. Amevaa miwani.

"Huyu ni nani, Mama?"

"Alikuwa binti yangu."

"Amefariki?"

"Hapana."

Koplo aliacha kuandika.

"Ana ufunguo wa hapa?"

Mama alikaa kitini taratibu. "Sikumnyang'anya," alisema. "Nilimwambia tu asirudi."

Binti alikuwa fundi miwani, kwenye duka finyu lenye kioo kila ukuta. Alipoona sare hakushtuka. Aliweka chini bisibisi yake ndogo.

"Nimewasubiri tangu Jumanne."

"Unajua tumefuata nini?"

"Najua."

"Iko wapi?"

Aliwapeleka chumba cha nyuma. Juu ya meza, mbali na jua kali, ilikuwapo okidi yenye majani mawili, imefunikwa kwa chupa kubwa ya kioo.

"Uliichukua wewe?"

"Mimi."

"Uliingiaje?"

"Kwa ufunguo. Mama huenda kliniki kila Jumanne saa sita. Nilitaka kuona tu, afande. Nikakuta zinazama. Hizi huishi juu ya miti, mizizi yake inapigwa na upepo. Mzizi ukiwa na kiu hugeuka kijivu, ukinywa hugeuka kijani. Hapo ndipo unajua siku ya maji. Kwa Mama, mizizi mingi ilikuwa kahawia, inateleza kama sabuni iliyolowa."

"Kwa hiyo ukaikata."

"Iliyooza. Mdalasini hukausha jeraha, Baba alinifundisha. Nne nilizihudumia palepale. Hii ilikuwa mahututi. Ningeiacha isingefika Jumapili."

"Hazina majina. Ulijuaje ipi ni ipi?"

Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Unamjua ndugu yako kwa kitambulisho? Yenye vinundu kama vitunguu ni moja, yenye fimbo nyembamba ni nyingine. Hii jani lake ni pana, lina madoa kwa chini. Nililipangusa vumbi tangu likiwa changa."

"Kwa nini hukubisha hodi ukamwambia mama yako?"

Tabasamu likayeyuka. "Wiki ya msiba nilimwambia, 'Mama, utaziua.' Akanifukuza."

Inspekta alivua kofia. "Sheria inasema mali irudi kwa mwenyewe. Na mtuhumiwa aje nayo."

Kwenye gari, Koplo ndiye aliyeipakata. "Dereva, kuna shimo!" alifoka mara tatu, na mara mbili hapakuwa na shimo.

Mama Sabuni alifungua mlango. Aliona chungu kwanza, kisha akamwona binti aliyekishika.

"Mwizi wako, Mama," Inspekta alisema polepole. "Amekiri. Lakini nadhani hata wewe una la kukiri. Vile vijiti dirishani."

Mama alimgeukia binti. "Vilikuwa na ukungu," alisema. "Nikavichomoa vyunguni, nikavisugua kwa sabuni na maji ya moto. Nilipovitoa, mwandiko wa majina wa baba yako ulikuwa umekwenda wote. Wote, mwanangu. Sikujua tena ipi ni ipi, ipi inataka maji na ipi haitaki. Nikazipa zote. Ningemuuliza nani?"

"Mimi, Mama."

"Wewe ulisema nitaziua." Alitazama viganja vyake. "Wiki ile nilikuwa nimemzika mtu niliyemnywesha dawa kwa mkono huu, kila saa, usiku na mchana. Nilizalisha watoto wa mji mzima, nikashindwa kumbakiza mmoja. Nilisikia unasema nilimuua yeye."

Binti aliweka chungu mezani haraka, akapiga magoti. "Mama, mimi niliongelea maua. Wallahi, maua tu. Baba ulimpa mwaka mzima ambao daktari hakumpa."

Walishikana. Koplo aligundua ghafla kuwa dirishani kuna kitu cha kuangalia sana.

Baada ya muda Mama alifuta uso, akageuka. "Afande, nafuta kesi."

"Nilikuwa nimesahau kuifungua," alisema Inspekta.

Binti aliondoa ile chupa ya kioo. "Njoo uone, Mama." Chini ya jani la njano, ncha ya mzizi mpya ilikuwa imejitokeza, ya kijani, isiyozidi punje ya mchele. Mama aliinama juu yake kama alivyoinamia vitanda maelfu.

"Itachanua?"

"Si mwaka huu. Pengine miaka miwili."

"Basi utakuja unifundishe," Mama alisema, mkono wake begani mwa binti. "Na ukinikaripia, nitanuna, najijua. Lakini mlango huu sitakuonyesha tena kwa kidole, hata siku moja. Nakuahidi, mwanangu, hawa polisi wanasikia."