Aliyeomba Hewa

Ijumaa jioni Veneranda alipima mtungi wake wa kupigia mbizi, mshale wa kipimo cha hewa ukasimama kwenye mia mbili. Jumapili, alipotoka kanisani, aliupima tena akakuta mia na arobaini. Hakuna aliyeugusa. Stoo ilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao yeye kwenye pochi.

Mtu mwingine angepuuza. Veneranda alikuwa mtaalamu wa maabara, miaka kumi na saba ya kusoma vipimo, na kipimo kinachojibadilisha chenyewe kilimkera. Alijaza karai maji, akaitumbukiza shingo ya mtungi humo na kusubiri povu. Halikutoka hata moja.

"Acha hilo dude, njoo tule," mumewe Saulo aliita kutoka sebuleni. "Mwaka mzima unashinda na mitungi."

Mvua ya Desemba ilikuwa ikiinyeshea Isyesye bila haraka, baridi ya Mbeya ikipenya madirishani, na stoo ilinuka kitu kisicho cha stoo: tope bichi la chini ya maji, kama mtu amefukua mahali pasipowahi kuona jua.

Mchana huo alikaa mezani na daftari lake la mbizi. Klabu ndogo ya Matema, aliyojiunga nayo Januari, ilimtaka kila mwanachama aandike ukurasa mmoja wa kuukumbuka mwaka. Ulikuwa mwaka wake mzuri kuliko yote. Mtoto wa Iringa, aliyefika miaka arobaini hajui hata kuelea, leo anashuka chini ya Ziwa Nyasa na kuwatazama samaki wa bluu wakila mwani kwenye mawe! Alifungua daftari akitabasamu. Januari, mita sita. Machi, mita kumi na mbili. Kila mbizi aliandika kina, dakika, na hewa iliyotumika. Mtungi mmoja ulimtosha dakika hamsini.

Kisha ikaja tarehe kumi na nne Juni. Kuanzia hapo mtungi uleule ulimtosha dakika ishirini na tano. Kila mbizi, bila kukosa, nusu. Pembeni mwalimu wao, Brayson, alikuwa ameandika kwa utani: "Dada Vene, unavuta hewa ya watu wawili!"

Tabasamu likamkauka.

Siku hiyo ya Juni hawakwenda Matema. Brayson alimpeleka kwenye ziwa la kasoko, lililojaa kwenye shimo la volkano, huko Rungwe, dogo, la mviringo, jeusi kama chai ya mkandaa. Mama mmoja aliyekuwa akichimba viazi ukingoni aliwauliza, jembe mkononi, "Mmemwaga sadaka gani? Mmemwomba nani?" Brayson alicheka. Walishuka. Kwenye mita ishirini mwanga ulififia, na Veneranda akaguswa bega. Aligeuka, akaona kiganja kikipita shingoni mara mbili, ishara wanayofundishwa siku ya kwanza: sina hewa. Akafanya alivyofundishwa. Alichomoa mdomo wa akiba wa kupumulia, ule uliofungwa kifuani kwa ajili ya mwenzako, akaunyosha gizani. Ukapokelewa. Alisikia mtu akivuta, kwa pupa, kama aliyesubiri muda mrefu sana. Wakapanda pamoja polepole, yeye akiwa ameshika mkono ule uliokuwa baridi kuliko maji. Kwenye mita tano, maji yalipopata rangi, alimwona Brayson ng'ambo kabisa, mzima, akipumua kwenye mtungi wake mwenyewe, na mkononi mwa Veneranda hamkuwa na kitu.

Hakumwambia mtu. Kwenye daftari aliandika: kila kitu sawa.

Alikuwa angali akiitazama sentensi hiyo aliposikia sauti stoo. Hsss, kama mtu avutaye pumzi kupitia bomba. Kimya. Halafu mbubujiko. Alifungua mlango. Kipumulio kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari, hakijaunganishwa na mtungi wowote, na mdomo wake wa akiba ulikuwa umelowa.

Jumatano mtungi ulisoma sifuri. Sauti ikakoma, na Veneranda, Mungu amsamehe, akashukuru.

Alhamisi asubuhi binti yao Anjela, mwenye miaka tisa, ambaye hajawahi kuugua kifua, alishindwa kumaliza uji wake. Midomo ilikuwa ya bluu. "Mama, kuna mtu anavuta," alinong'ona. "Nikivuta, na yeye anavuta."

Hospitali walimwekea oksijeni. Muuguzi alisema mtungi ule mkubwa ungetosha hadi jioni. Uliisha kabla ya saa tano. Wakaleta mwingine, na Veneranda aliyekuwa amepiga magoti kando ya kitanda akausikia, nyuma ya pumzi ndogo ya mwanawe, mvuto wa pili, mzito, wa mtu mzima, ukifuata ule wa mtoto na kuumeza, na shuka likaanza kunuka lile tope, na mshale ukawa unashuka mbele ya macho yake kama saa inayokimbizwa, na hakuna hata mmoja wodini aliyeonekana kusikia isipokuwa Saulo, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, rangi imemtoka.

Alimvuta mkewe hadi korido. "Mama Anjela. Umetuletea nini?"

Alimweleza yote. Saulo alisikiliza bila kupepesa.

"Jini," alisema kwa sauti ya chini. "Miezi sita unalala na mimi kitanda kimoja na unajua."

"Sikujua ni..."

"Ulijua. Uliogopa klabu itakucheka." Akauchomoa mkono wake kutoka kwa wa mkewe. "Mtoto akifa, usirudi kwangu."

Walimwacha Anjela na Jackline, mdogo wake Veneranda, wakashika barabara ya Tukuyu kurudi kwenye lile ziwa la Rungwe. Veneranda alimpigia Brayson simu, akamwambia alichokificha Juni na kumwomba mtungi uliojaa. Brayson aliwakuta ukingoni mwa ziwa, akautua mtungi chini na kurudi nyuma hatua kumi. "Humo siingii, Dada Vene. Nisamehe. Mimi siingii."

Yule mama wa viazi alikuwapo. Anyitike ndilo jina lake. Ukoo wao ndio uliokuwa ukisema na ziwa hilo tangu zamani. Hakuwakaribisha. Aliposimuliwa alitema mate chini.

"Ni jini la namna gani?" Saulo aliuliza.

"Majini ni ya huko kwenu redioni. Huyu hana jina. Alikuwa amekaa chini, hahitaji kitu. Nani alimpa?"

"Mimi," Veneranda alisema.

"Ulimpa kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi siwezi kumnyang'anya. Wala mchungaji wenu. Shuka ukamnyime. Na umnyime kweli, asione umebakiza."

Ilikuwa saa saba mchana. Saulo alibaki ukingoni na simu sikioni, Jackline akimwambia upande wa pili jinsi mtoto alivyo. Veneranda aliwaona mara ya mwisho kupitia kioo cha miwani yake, kisha maji yakamfunika.

Mita kumi. Kumi na tano. Kwenye ishirini giza lilimpokea na akasimama ndani yake, akasikia pumzi zake tu, kisha pumzi zake na nyingine. Bega likaguswa. Mdomo wa akiba ukachomolewa kifuani pake bila kuombwa, na mkono ukamshika kiuno kwa mazoea, kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Alipeleka mkono nyuma ya kichwa, akaipata koki ya mtungi, na huku mwili wote ukimsihi aache, huku akiwaza kwamba Saulo atazika maiti mbili, huku kile kitu kikivuta na kuvuta karibu na sikio lake, aliizungusha, akaizungusha tena, hadi ilipogoma. Alipata pumzi moja. Ya pili ikakwama nusu. Ya tatu haikuwepo.

Na ya mwenzake haikuwepo.

Mkono uliokuwa kiunoni ukakaza. Uso ukaja karibu sana na kioo chake, na Veneranda hajausimulia uso ule kwa mtu yeyote hadi leo. Kitu kikamtikisa, kikampekua kifuani, mgongoni, mdomoni. Alipitisha kiganja shingoni pake, mara mbili. Sina. Kifua kiliwaka, masikio yakapiga kelele, naye hakuigusa koki. Wa kwanza kuachia hakuwa yeye.

Alipanda akipuliza ile pumzi moja kidogo kidogo ili mapafu yasipasuke, na alipotokeza juu alipiga ukelele kama mtoto anayezaliwa. Saulo alikuwa majini hadi kifuani, viatu miguuni, akimvuta kwa mikanda.

"Analia!" alipaza sauti. "Anjela analia! Jackline anasema anataka soda!"

Walianguka wote wawili kwenye nyasi. Saulo hakumkumbatia, lakini hakumwachia mkono.

Anyitike hakushangilia. Alikuwa akilitazama ziwa, lililokuwa limeanza kutetemeka katikati bila upepo.

"Ninyi mnarudi Mbeya," alisema. "Miaka yote hakujua hewa ni nini, akatulia. Mmemfundisha, mkamnyima. Sisi tunakunywa maji haya."

Ng'ambo, wanawake wawili walikuwa wakichota maji. Anyitike alitupa jembe akaanza kukimbia ukingoni, akiwapigia kelele kwa Kinyakyusa kwa sauti iliyopasuka. Wanawake waliinua vichwa, wakaziacha ndoo na kupanda mteremko mbio bila kuuliza.

Saulo aliwasha gari. Veneranda, shuka mabegani, alifuta ukungu kwenye kioo. Ndoo mbili zilikuwa zimesimama kwenye tope, zimejaa. Moja ikainama taratibu, kama inayoshikwa mpini, ikavutwa ndani ya maji. Na kutoka pale ilipozamia, pasipo na mtu, alisikika mtu mzima akivuta hewa kwa pupa, akakohoa.