Nyumba ya Mapinga

Agnella alifahamiana na Fulgensi kwa kumgombeza. Ilikuwa mwezi wa saba, mavuno yamepamba moto, na uwanja wa mashine za kukoboa pale Kibaoni, Ifakara, ulikuwa umetandazwa maturubai ya mpunga hadi ukingoni mwa barabara. Wabeba magunia wanapiga kelele wapishwe, mashine zinanguruma, pumba zinaruka. Katikati ya hekaheka hiyo akatokea kijana mrefu, shati la bluu limenyooshwa pasi, viatu vyeusi vinang'aa, macho kwenye simu. Mguu mzima ukatua juu ya mpunga wa Agnella.

"Kaka, hilo ni zulia la kwenu?"

"Samahani dada, sikuona."

"Utaona nini, na macho yote mawili umeyakopesha simu? Vua viatu."

Akavua. Mwanaume mzima akasimama juani na soksi, moja imetoboka kidole gumba, akainama kuurudisha kwa mikono mpunga aliouvuruga. Agnella, kitenge cha njano kiunoni na vumbi la pumba hadi kwenye kope, alitaka aendelee kukasirika akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Fulgensi akaomba namba yake, na jioni ile ile akapiga simu kuuliza kama mpunga umepona. Wiki ya pili akawa anamwita Nella. Mwaka haujaisha, Agnella alikuwa amehamishia sanduku lake kwenye nyumba ya Fulgensi, vyumba viwili na baraza, hapo hapo Kibaoni.

Hapo ndipo walipokosea, na mimi sitawatetea. Hapakuwa na barua ya posa, wala mshenga. Walichukuana tu, kama wengi wanavyochukuana, wakasema mengine yatafuata. Miaka sita ikapita na hayo mengine hayakufuata.

Mtaani Agnella aliitwa mke wa Fulgensi, na alijibu. Lakini kila Jumapili, benchi zima lilipoinuka kwenda kupokea komunyo, yeye, anayeishi na mwanaume bila ndoa, alivuta magoti pembeni ili wenzake wapite, akabaki ameketi peke yake na rozari mkononi. Watoto wa komunyo ya kwanza walimpita. Na baba yake, mzee Amedeus wa Kiberege, alipokea sukari na khanga alizompelekea, akamuuliza habari za biashara ya mchele, ila akitajiwa Fulgensi alijibu neno moja lile lile: "Huyo simjui. Hajafika kwangu."

Agnella alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, aolewe na huyu mwanaume. Kila alipomwambia, jibu lilikuwa moja: "Subiri nyumba, mpenzi wangu." Zamani, mapenzi yakiwa bado mabichi, Agnella alionyeshwa kwenye simu picha ya jumba moja la kifahari, akatania kwamba yeye siku ya harusi atatokea nyumba kama ile, vinginevyo hatoki. Ulikuwa utani wa dakika moja. Fulgensi akaufanya amri ya kumi na moja.

Jumba likapatikana kweli, si Ifakara wala Morogoro, bali Mapinga, nje kabisa ya Dar es Salaam kwenye njia ya Bagamoyo. Walikwenda kuliona pamoja. Ghorofa nyeupe, geti la rimoti, vyumba vitano kila kimoja na bafu lake, bwawa la kuogelea lenye maji ya buluu kama ya sabuni. Dalali aliyevaa miwani ya jua aliwasha na kuzima taa zote. Fulgensi akawa anapapasa marumaru za ukutani, uso umemng'aa kama wa mtoto siku ya Krismasi. Agnella alisimama jikoni akasikiliza. Kuta za majirani zilikuwa ndefu kuliko mtu. Hapakuwa na sauti ya mwanamke anayetwanga, wala mtu wa kumwomba kiberiti. Angemuuzia nani mchele huku?

"Umeipenda, Nella?"

"Kubwa," alisema.

Ili kuinunua, ilibidi liuzwe shamba la Mbingu. Ni ekari ishirini za mpunga alizoachiwa Fulgensi na marehemu baba yake, lakini mikono ya Agnella nayo ilikuwa mle. Misimu sita Fulgensi aliendesha pawatila, kile kitrekta cha kushika kwa mikono, yeye akipandikiza nyuma yake, mgongo umepinda na ruba wamemganda miguuni. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, mzee Mbaruku mwenye duka la mabati mjini. Jirani yao Balbina alimwonya Agnella asiache mbachao kwa msala upitao. Agnella alilijua hilo bila kuambiwa. Usiku na mchana alipima, shamba huku, pete kule. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mwisho akajisemea, kama njia ya kwenda kanisani inapitia Mapinga, basi na tupite Mapinga.

"Nunua," alimwambia Fulgensi. Naye akamnyanyua juu juu, akamzungusha barazani mbele ya wapita njia.

Wiki mbili baadaye, Agnella akiwa anapima mchele mashineni, simu iliita. Alikuwa Sikitu, mtendaji wa kijiji cha Mbingu, mwanamke wanayeheshimiana naye.

"Mdogo wangu, karatasi za shamba zimeletwa hapa, zinangoja mkutano wa Alhamisi. Kuna kiapo alichoapa Fulgensi kwa wakili. Nikusomee?"

"Nisomee, dada."

"Anaapa kwamba hajaoa, hana mke wala mwenza yeyote mwenye haki katika shamba hili."

Agnella aliacha kopo la kupimia likaanguka ndani ya gunia. Hakumwaga chozi. Alipanda bodaboda mpaka nyumbani, akamkuta Fulgensi anachora kwenye daftari mahali pa kuweka makochi ya Mapinga.

"Fulgensi, mimi ni nani kwako?"

"Swali gani hilo? Wewe ni roho yangu."

"Roho haiandikwi kwenye karatasi. Mimi ni nani?"

Alipoelewa kinachosemwa, alianza kujieleza mbio mbio. Wakili alimuuliza kama ana mke. Angesema anaye, angetakiwa cheti cha ndoa, nao hawana. Dalali alikuwa anapiga simu kila saa, nyumba ina wateja wengine watatu, na malipo ya awali yalishakwenda. Tena, mbele ya kanisa, wao si bado?

"Ulishika Biblia?" Agnella aliuliza.

"Nilishika."

Angempiga kofi ingemuuma kidogo kuliko hapo. Miaka sita alikuwa anaogopa padre asimtambue, kumbe asiyemtambua analala naye kitanda kimoja. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda Kiberege. Mzee Amedeus alimfungulia mlango. Alimwonyesha chumba, akamwambia maji ya kuoga yako nje.

Fulgensi alipiga simu siku tatu mfululizo. Ya nne Agnella akapokea.

"Nella, nakufa. Rudi. Nyumba yote nitaiandika jina lako."

"Jina la nani? Wewe si huna mke?"

"Niliapa kwa ajili yako, mama."

"Uliniapia nisiwepo."

Akamsikia analia upande wa pili. Aliziba simu kwa kiganja ili naye asisikike, maana alikuwa anampenda, na hapo ndipo adhabu ilipokuwa.

Sikitu ndiye aliyempa siri ya mwisho. Sheria inasema mwanaume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wanahesabika kama mume na mke, hadi hapo mtu athibitishe vinginevyo. Asimame tu Alhamisi, aseme ana pingamizi, na mauzo yatakwama. Agnella alikonda kwa neno hilo. Akipinga, ataokoa shamba, na kila mavuno atatazamwa na mwanaume ambaye yeye ndiye aliyemfungia geti la jumba lake. Akinyamaza, Fulgensi anahamia kwenye ghorofa yake, na yeye miaka sita yake imekwenda na maji.

Alhamisi alivaa gauni lake la kwenda kanisani, akaenda Mbingu. Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Mzee Mbaruku alikaa mbele na kanzu yake safi. Fulgensi alikuwa ndani ya suti iliyokuwa inamtosha mwezi uliopita, ndevu hazijanyolewa. Alipomwona Agnella mlangoni, aliinamisha kichwa kama mtu anayengoja hukumu.

Sikitu akakisoma kiapo chote kwa sauti. Kila neno Agnella alilisikia likishuka mbele za watu. Kisha mtendaji akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?" na macho yake yakamwendea Agnella moja kwa moja.

Alikuwa ameandaa maneno mengine, Mungu ni shahidi. Lakini aliposimama aliona hawezi kumfunga mwanaume kwa sheria akamwita mume.

"Sina pingamizi. Alichoapa ni kweli. Huyu hana mke. Mimi nilikuwa naishi kwake tu."

Akageuka aondoke.

Hayo ndiyo maneno aliyoyahitaji Fulgensi ili apate jumba lake. Sikitu alivuta pumzi, akafungua kidau cha wino, akainua muhuri. Muhuri haukufika kwenye karatasi. Ulitua kwenye mgongo wa mkono wa Fulgensi, aliyekuwa ameufunika ule ukurasa kwa kiganja chake chote.

"Usigonge, mama mtendaji. Nimeapa uongo. Mke ninaye, mwaka wa sita huu, ni huyo anayetoka."

Mzee Mbaruku akauliza kwa upole kama anajua malipo ya Mapinga hayatarudi. Fulgensi akasema anajua, yaende. Akauliza pia kama anajua kuapa uongo ni kosa. Akasema aandikiwe kosa lake, atalibeba. Machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya wazee wa kijiji naye hayafuti.

Sikitu akachukua kalamu. "Basi lazima niandike kwenye muhtasari sababu ya mauzo kusimama. Mke wa muuzaji, jina?"

Ofisi nzima ilimgeukia Agnella. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, analia sasa waziwazi, kilio cha miaka sita.

"Dada, hapo penye mke paache wazi," alisema. "Baba yangu hajaulizwa."

"Jumapili nitafika Kiberege," Fulgensi alisema.

"Tafuta mshenga kwanza. Mtu hajiposei."