Mgeni wa Podikasti ya Violeth

Baada ya salamu zake mwenyewe, Violeth alisikia mtu akisema, "Asante." Akairudisha rekodi nyuma. "Karibu wewe unayenisikia, popote ulipo, ingia ukae." Kisha lile "asante", la mtu aliyechoka na safari.

Ilikuwa podikasti yake ya kwanza, ya wakulima wa mpunga kuanzia Lumemo hadi Chita. Aliirekodi kwa simu ndani ya stoo, katikati ya magunia, kwa kuwa magunia humeza mwangwi. Alijipa moyo kuwa ni jirani kapita nje, akaiweka mtandaoni.

Siku hiyohiyo mwanawe Beno, mtoto wa miaka minne mwenye mdomo kama cherehani, hakumwamkia bibi yake. Kwenye kipindi cha pili sauti ilisema, "Nimekaa," na Beno akabaki na neno moja tu, "mama". Cha tatu kikaondoka na hilo pia. Kwenye hedifoni, nyuma ya maelezo ya palizi, Violeth alimsikia Beno wake akicheka na kuhesabu vidole, huku mtoto mwenyewe ameketi mlangoni kafumba mdomo, na stoo nzima, kiangazi kile, inanuka mpunga uliooza majini.

"Ulimkaribisha nani hujamwona?" alinong'ona mama mkwe wake, Domitila.

"Wasikilizaji, mama."

"Mtu husema ingia akishasikia hodi, mwanangu."

Mchana ule akaitwa mganga, mzee Wendelin. "Muage kwa mdomo uleule, kwa simu ileile," alisema kwa sauti ya chini. "Naye akikuaga, nyamaza. Usimjibu kitu."

Violeth akarudi stoo, akavaa hedifoni, akaanza kurekodi. "Mgeni wangu, muda umekwisha. Niachie sauti ya mwanangu, uende salama."

Gunia moja lililobonyea likaumuka, kana kwamba mtu kanyanyuka juu yake, na ile harufu ikasogea polepole kuelekea mlangoni, ikampita Domitila aliyesimama na rozari mkononi, ikatoka nje, na Beno akapanua mdomo akaita, "Mama! Mama, nina njaa!"

Furaha ilimvuruga Violeth. Akamnyooshea mtoto mikono, machozi yakimtiririka. Masikioni mwake mtu akasema kwa adabu, "Haya mama Beno, kwaheri."

"Kwaheri, karibu tena," akajibu, kama alivyolelewa.

Mzee Wendelin akafumba macho. Beno alikuwa bado analalamikia njaa yake. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.