Picha Iliyoanzia Miguuni

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na moja, saa kumi na mbili kasoro dakika tatu jioni. Niliisoma saa ya ukutani mara mbili. Aliyejifunza kusoma akiwa na mvi haamini jicho lake upesi.

Tulikuwa watatu mbele ya fundi wa kompyuta: mimi, binti yangu, na dada yangu mkubwa. Diski ilikuwa ya dada. Ndani yake, alisema, mlikuwa na picha ya binti yangu akiwa mchanga, iliyopigwa mwaka ule aliponiomba mtoto huyo amlee, nami nikamnyima. Tangu hapo hatukusemeshana kwa miaka ishirini na minne. Siku hiyo alikuja akitabasamu. Yamekwisha, alisema.

"Mama, faili hili mmelifukua kaburini?" fundi alimwambia dada akicheka. "Aina hii sijawahi kuiona. Nitalibadilisha liwe picha ya kawaida, ila kompyuta italisoma mstari mmoja mmoja, tena kuanzia chini."

"Anza," dada alisema.

Mstari wa kwanza ukatokea. Wa pili... wa tatu... Vidole vidogo vya miguu.

Nikasikia harufu ya nywele zinazoungua.

"Baba," binti yangu alininong'oneza, "miguu imekufa ganzi."

"Kaa vizuri tu, mwanangu," dada alijibu bila kugeuka.

Kwenye kioo cha kompyuta, magoti.

"Baba... magoti siyahisi."

Nilitazama kioo. Nikamtazama binti yangu. Picha ilipopanda, ganzi nayo ilipanda.

"Simamisha!"

"Mzee, nikikatiza faili litaharibika."

"Simamisha, nimesema!"

Fundi akabonyeza. Akabonyeza tena. Mistari ikazidi kupanda... mapaja... kiuno...

Dada alikuwa akiihesabu kwa sauti ya chini, kama abembelezaye mtoto alale.

"Dada, mwanangu amekukosea nini?"

"Yeye? Hajanikosea kitu. Wewe ulininyima mzima, mdogo wangu. Nitamchukua kidogo kidogo."

Kifua.

Binti yangu akafumbua kinywa. Pumzi haikuingia.

Niling'oa waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Binti yangu akavuta pumzi kama aliyeibuka majini, lakini alipojaribu kusimama, alianguka. Dada alichomoa diski yake, akaitia mkobani, akatoka bila kuaga.

Majirani husema binti yangu alizaliwa hivyo. Uongo. Aliingia kwa fundi yule kwa miguu yake mwenyewe. Fundi husema umeme ulikatika. Haukukatika, waya niliung'oa kwa mkono huu. Nao ndugu wanaonisihi niende kumwamkia dada, eti yaliyopita si ndwele, wanakosea kuliko wote. Hayajapita. Diski anayo, mafundi wa kompyuta ni wengi, na mistari iliyobaki ni ya shingo na uso.