Magugu ya Baharini

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya tarehe 6 Februari 2023, kifaa cha miguu mitatu cha kupimia ardhi kiliangukia kreti la miche katika stendi ya mabasi ya Kasulu.

Miche ilikuwa ya Vestina Habonimana, msimamizi wa kitalu kilichootesha miti ya kupandwa kuizunguka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alivaa kitenge cha Kikongo cha rangi ya chungwa na gambuti zenye udongo mwekundu hadi vifundoni. Kifaa kilikuwa cha Ridhiwani Khatibu, mpima ardhi, aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri na viatu vya ngozi visivyofaa stendi ile msimu wa mvua. Wapiga debe walikuwa wakigombea abiria wa Kigoma. Hakuna aliyegeuka isipokuwa wao wawili.

"Umeua kumi na miwili," alisema Vestina.

Ridhiwani alichuchumaa, akaupindua kila mche. "Kumi na mmoja, dada. Huu mzizi wake mzima."

"Wewe daktari wa miche?"

"Mpima ardhi. Nikihesabu, nimehesabu."

"Basi kesho njoo kitaluni uoteshe kumi na mmoja wangu."

Alisema hivyo kumkomoa tu. Kesho yake Ridhiwani alifika kwa bodaboda, na shati jingine jeupe, akajaza udongo viriba vya miche kumi na kimoja. Vestina alivibonyeza kimoja kimoja, akavimwaga tisa kwa kuwa udongo wake ulikuwa umelegea. Ridhiwani akavijaza upya. Kufikia Aprili wafanyakazi wa kitalu walikuwa wakimwita Kumi na Mmoja, na Vestina alilitumia jina hilo kwa sauti ambayo wengine hawakuitumia.

Wazazi wa Vestina walitoka Burundi mwaka 1972, wakapata uraia, na sasa mama yake alilima muhogo na maharage kijijini Heru Juu. Jumapili walikwenda kanisani. Mama yake Ridhiwani, Bi Mwamvua, aliuza kanga na viungo mjini Kasulu. Babu zake walitoka Kilwa, ingawa Ridhiwani mwenyewe alifikisha miaka ishirini na saba bila kuiona bahari. Bi Mwamvua aliuliza mara moja tu yule binti ni wa dini gani. Alijibiwa, akaendelea kukunja kanga.

Agosti mwaka huo Ridhiwani alipata kazi kusini mwa Kilwa. Mradi mmoja ulikuwa ukirudisha mikoko iliyokatwa, ili tope lililo chini yake lihifadhi hewa ukaa na mizizi yake ichuje maji yanayoingia baharini. Aliajiriwa kupima viwanja. Baada ya wiki sita msimamizi wa upandaji aliacha kazi, na Ridhiwani, kwa kuwa daftari lake lilikuwa safi kuliko la mwingine yeyote, akapewa nafasi hiyo.

Walipigiana simu kila siku saa kumi na moja jioni. Alimweleza jinsi maji yanavyojaa na kupwa, na jinsi pweza anavyobadilika rangi. Vestina alimuuliza kama wanawake wa huko ni wazuri. Alijibu kwamba hajawapima.

Tarehe 14 Oktoba maji yalikupwa sana. Ridhiwani alipiga picha ya eneo alilopangiwa kupanda: tope lililofunikwa na majani membamba ya kijani yaliyolala upande mmoja, na pembeni ncha za gambuti zake za njano. Akaituma. Simu ya Vestina ilikuja baada ya dakika tatu.

"Kumi na Mmoja, shamba lako lina magugu."

"Kuruthumu anasema si magugu." Kuruthumu alikuwa mwanamke wa kijiji hicho, aliyeokota chaza katika tope lile tangu utoto wake.

"Kuruthumu ameotesha miche mingapi?"

"Sijamuuliza."

"Mimi nimeotesha laki mbili. Mche haushindani na nyasi, mpenzi. Palilia kwanza."

Baadaye akamtumia ujumbe: ayang'oe na mizizi, la sivyo yatarudi.

Hakuna mkulima wa Kasulu ambaye angesema vingine. Huko milimani kila kinachopandwa huanza kwa kusafisha shamba. Ridhiwani alikuwa na kauli mbili mkononi, moja ya mtu aliyelijua tope na nyingine ya mtu aliyempenda. Aliifuata ya pili. Kwa siku tatu vibarua waling'oa majani katika eneo la mita arobaini kwa arobaini, kisha wakapanda mikoko mia tisa kwa mistari iliyonyooka.

Majani yale yalikuwa nyasi bahari. Mizizi yake ndiyo iliyolishika tope, pamoja na hewa ukaa iliyozikwa humo kwa miaka mingi. Majani yake ndiyo yaliyonasa uchafu na kuyaacha maji yakiwa meupe, na samaki wadogo walijificha humo. Baada ya wiki moja maji ya pale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mikoko nayo, iliyopandwa mahali ambapo maji huifunika karibu muda wote, ilianza kuoza. Kufikia mwisho wa Novemba ilibaki hai kumi na mmoja. Ridhiwani alihesabu mara mbili.

Mradi ulidai taarifa ya maandishi. Palipoulizwa nani alishauri nyasi zing'olewe, aliandika: mimi mwenyewe. Hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kuzirudisha nyasi hizo, chipukizi moja moja, kwa mkono, pamoja na Kuruthumu na wanawake wengine sita.

Vestina hakuambiwa lolote. Kila jioni aliuliza miche inaendeleaje. Ridhiwani hakuweza kumdanganya, na ukweli ungemwonyesha Vestina kwamba kosa lilianzia kwake. Alianza kupiga siku moja na kuruka moja, halafu mara moja kwa wiki. Simu ya mwisho ilikuwa ya tarehe 3 Desemba na ilidumu dakika moja na sekunde kumi na mbili. Vestina aliiangalia namba hiyo katika simu yake mara nyingi. Baada ya hapo alipiga mara tisa bila kupokelewa, akaacha.

Alipokwenda dukani kuuliza, Bi Mwamvua alimwambia kijana ni mzima, ana kazi nyingi. Hilo lilimuumiza Vestina kuliko kama angeambiwa anaumwa. Januari aliomba kuhamishiwa kitalu cha Kibondo, kwa sababu njia yake ya kila siku mjini Kasulu ilipita mbele ya duka lile.

Kibondo alipanga chumba kimoja. Mtandao ulishika dirishani tu, kwa hiyo simu aliiweka dirishani. Alinunua sufuria ndogo, akagundua kwamba hata hiyo ilipika ugali mwingi kuliko alioweza kumaliza. Wenzake kazini walimwita dada Vesti na kumualika harusi tatu; alikwenda moja, akakaa karibu na mlango. Saa kumi na moja jioni alizoea kuwa kitaluni akimwagilia, hata siku ambazo mvua ilikuwa imenyesha.

Tarehe 18 Aprili 2024 kulikuwa na semina Kibondo kuhusu makosa ya urejeshaji wa uoto. Mwezeshaji, Bwana Ildefonsi, alionyesha picha ukutani. Ya nne ilikuwa tope lenye majani ya kijani, na pembeni ncha za gambuti za njano.

"Msimamizi huyu alidhani ni magugu," alisema Ildefonsi, na ukumbi ukacheka kidogo. "Taarifa yake inasema aliamua peke yake. Hakumuuliza mtu."

Vestina alisimama. "Aliuliza," alisema. "Aliniuliza mimi."

Aliyasema hayo mbele ya mwajiri wake, aliyekuwa ameketi mstari wa pili. Kisha akatoka nje, akapiga simu. Safari hii ilipokelewa.

"Miche inaendeleaje?" aliuliza.

"Imebaki kumi na mmoja," alisema Ridhiwani.

"Tangu lini?"

"Novemba."

"Kwa hiyo miezi mitano mimi nakaa hapa nikijua umepata mwanamke."

"Hakuna mwanamke, Vestina. Yuko Kuruthumu, ana wajukuu tisa."

"Usinichekeshe. Kwa nini hukusema?"

"Ungepoteza kazi. Na ungejilaumu."

"Nijilaumu ndiyo. Kosa ni langu, kwa nini ulibebe wewe? Mimi si mtoto wa kufichwa."

Alimwambia kwamba hatapokea simu yake tena mpaka taarifa ile iwe na jina lake yeye, Vestina. Ridhiwani alisema hawezi kumfanyia hivyo. Vestina akakata. Kesho yake mwajiri alimwita, akamsikiliza, akamtaka tu awafundishe wenzake kisa hicho kila mwaka. Kazi haikupotea. Ridhiwani hakuwa na namna ya kulijua hilo, na Vestina hakumwambia.

Mei yote simu ya dirishani haikulia.

Ijumaa ya tarehe 14 Juni, siku tatu kabla ya Idi ya kuchinja, Ridhiwani alipanda basi Dar es Salaam akiwa na tiketi mbili za Kasulu, kiti namba 23 na 24. Cha 24 kilikuwa kitupu. Morogoro mtu alikiulizia. Alijibu kwamba mwenyewe atapandia Kibondo. Kahama mama mmoja alikiwekea kapu. Kondakta alikuja kutazama.

"Kaka, unasafirisha jini?"

"Kimelipiwa."

"Na asipopanda?"

Ridhiwani aliitazama simu yake. Alikuwa amemtumia Vestina ujumbe mmoja, wenye jina la basi na siku. Haukujibiwa.

Basi liliingia Kibondo Jumamosi saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Kulikuwa na baridi na vumbi. Vestina alisimama kando ya kibanda cha chapati, na sweta la kijivu juu ya kitenge cha rangi ya chungwa, na begi dogo miguuni. Ridhiwani alishuka. Alikuwa amekonda na ngozi yake imeungua kwa chumvi. Alimpa karatasi nne.

Vestina alisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba ushauri wa kung'oa ulitolewa kwa simu na V. Habonimana, mtaalamu wa miche ya nchi kavu, na kwamba msimamizi aliufuata ingawa mkazi wa kijiji alimwonya. Chini yake kulikuwa na mhuri wa kupokelewa, tarehe 7 Juni.

"Hapa umekosea," alisema. "Nilisema upalilie. Sikusema mizizi."

"Ulisema. Ninayo meseji."

"Nionyeshe."

Alimwonyesha. Vestina aliisoma mara mbili, akamrudishia simu.

"Kweli, nilisema." Alizikunja karatasi, akazitia kwenye begi. "Na nyasi?"

"Tumepanda chipukizi elfu moja mia mbili. Mia saba na sita zimeshika. Maji bado machafu. Itachukua miaka, na nimesaini mitatu."

"Mitatu."

"Nataka kukuoa, Vestina. Sijui utakaa huku au kule. Sijalipima hilo."

Kondakta alipiga bodi ya basi kwa kiganja na kusema dakika kumi zimeisha, abiria wengine wanasubiri huko mbele.

"Mama yako anajua?" aliuliza Vestina.

"Ameniuliza awapikie wangapi Jumatatu, siku ya Idi. Nikamwambia nitamjibu nikishapita Kibondo."

Mama wa Kahama aliinua kapu lake kutoka kwenye kiti, akaliweka mapajani.

Saa tatu kasoro dakika tano basi liliondoka Kibondo kwenda Kasulu. Kiti namba 24 kilikuwa na mtu.