Gauni la Mkono Mmoja

Tunduma mtu hashangai mtu. Malori yamepanga foleni hadi macho yanachoka, wabadili fedha wanaita, Wazambia wanavuka na mabegi matupu na kurudi yakiwa yamejaa, na vumbi halimwachi yeyote. Kwa hiyo Kabula alipomwona kijana amesimama katikati ya soko la vitenge, analikodolea macho bega lake la kushoto, alijua ama ni kibaka ama hana akili timamu. Ila shati lilikuwa jeupe na limenyooka mno kwa kazi zote mbili.

"Samahani, dada. Gauni hilo amekushonea nani?"

"Nimeshona mwenyewe. Mimi ni fundi, kibanda changu kile cha mlango wa bluu."

"Na huo mkono umeuona wapi?"

Kabula akajishika bega. Gauni lilikuwa la kitenge cha kijani na njano, limebana kiunoni likaachia chini, lakini sifa yake ilikuwa mikono: kila mmoja na marinda saba yaliyolaliana kama maganda ya kitunguu, yakitazama nyuma badala ya mbele. Wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wanayagombea.

"Sijauona popote. Umetoka kichwani mwangu."

Kijana akatabasamu kwa kuchelewa na kusema kwamba Waingereza kitu hicho wanakiita brainchild. Jina lake Ambwene, mwenyeji wa Ibaba kule milimani Ileje, mwalimu wa Kiingereza pale mjini. Kabula si mtu wa kuacha neno lipite bila kuliuliza, basi wakatembea hadi kibandani huku mwalimu akifundisha. Neno hilo, alisema, ni la wazo, mradi, chombo au mtindo ambao mtu ameubuni mwenyewe, kana kwamba ubongo wake ulibeba mimba ukajifungua. Unapolitumia lazima umtaje mzazi: hii ni brainchild ya fulani. Mtoto wa kuzaa haitwi hivyo, na ulichomwiga jirani ukikiita hivyo umesema uongo. Kabula akampa chaki ya kukatia nguo amwandikie mlangoni. Akaandika: Kabula's brainchild.

Usimcheke Kabula. Kwao Kamsamba, katikati ya ng'ombe wa baba yake mzee Mhoja, walisema kichwa cha binti huyu kimejaa vitambaa tu. Leo alikuwepo mtu aliyekisifia kichwa hicho hadharani, kwa maandishi, na tena mtu mwenye macho mazuri. Alipenda mara moja na hakujisumbua kuficha.

Mwalimu akawa haachi kupita kila jioni akitoka shuleni. Asipopita, anapiga simu.

"Umekula, mama?"

"Nimekula. Wewe je, au umeshiba chaki?"

"Nimeshiba sauti yako. Haya, leo umebuni nini?"

Swali hilo halikukosa hata siku moja. Kabula alilichukulia kuwa ndilo penzi lenyewe.

Jumamosi moja mchana walikaa kwa muuza chipsi. Ambwene alipokwenda kunawa mikono, simu yake iliyokuwa mezani ikawaka. Ujumbe ulitoka kwa Mama Ibaba: Mwanangu, leo Tuntufye ameshona nini?

Moyo wa Kabula ukapiga kwa wivu. Ambwene aliporudi, Kabula akamsogezea simu.

"Tuntufye ni nani?"

"Dada yangu."

"Anashonea wapi?"

Ambwene akakaa taratibu. "Tulimzika miaka mitatu iliyopita."

Akaeleza yote, macho yakiwa kwenye sahani. Tuntufye alikuwa fundi nguo. Alijishonea gauni la sherehe ya kumuaga kabla ya harusi yake, homa ikamchukua akiwa amemaliza mkono wa kushoto tu. Marinda yale saba aliyapiga pasi Ambwene mwenyewe. Walimzika nalo hivyo hivyo, gauni la mkono mmoja, na hakuna aliyelipiga picha wala kubaki na kiolezo. Siku ile sokoni aliuona mkono ule ule kwenye bega la Kabula. Tangu hapo akawa anamtumia mama yake picha za nguo, bila kumtajia hata jina la anayezishona, naye mama akaamini ni za Tuntufye.

Nywele za Kabula zikasimama. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini mkono wa kushoto aliukata bila chaki wala kupima, vidole vikijiendea vyenyewe, na kila mara alihisi baridi kisogoni hata kukiwa na jua kali. Wa kulia ndio uliomtoa jasho, akishona na kufumua.

Hata hivyo kilichomuuma zaidi ni kingine.

"Kwa hiyo uliponiuliza nimebuni nini, ulikuwa unaongea na yeye."

"Mwanzoni, ndiyo."

"Na sasa?"

Ambwene alichelewa kujibu, na kuchelewa huko kulitosha. Kabula akarudi kibandani akafuta maandishi ya mlangoni kwa kitambaa kibichi.

Kwa wiki mbili hakupokea simu zake. Alikuwa na mambo mengine ya kumtisha. Alipokata sketi, mkasi ulikunja kona na kutoa mkono wa kushoto. Kabla ya saa sita siku moja alikuwa na mitano mezani, yote ya kushoto, na hakumbuki ameikata lini. Akampigia Ambwene.

"Nipeleke kwenu. Nataka kujua nilicho nacho ni changu au nimeazimwa. Mengine baadaye."

Ibaba waliikuta ndani ya ukungu, jioni ya siku hiyo hiyo. Mama alikuwa mlangoni, amevaa sweta juu ya kanga. Kabula akapiga goti kumwamkia, lakini mama hakuitikia. Aliushika mkono wa kushoto wa gauni, akayahesabu marinda, machozi yakamtoka.

"Tuntufye. Umechelewa, mwanangu."

Kabula alimtazama Ambwene tu. Akinyamaza safari hii, aliapa moyoni, ningali na nauli ya kurudi.

"Mama," Ambwene akasema, "Tuntufye tulimzika. Huyu ni Kabula. Nampenda yeye, na akinikubali nitamuoa. Hata asiposhona tena kifungo kimoja."

Mama akajifuta macho. Akahamia mkono wa kulia, akaupapasa polepole kama mtu aliyeingia nyumba ngeni.

"Huu siujui. Huu Tuntufye hakuushona." Kisha akamgeukia mwanawe. "Umesema anaitwa nani?"

"Kabula."

Mama akashika mwimo wa mlango. Huku kwao, alisema, jina hilo hakuna, na hajawahi kumsikia mtu akilitaja ila mara moja.

"Asubuhi ile anakufa, nilimwambia, mwanangu, lete nikumalizie mkono wa pili. Akakataa. Akasema, 'Uache, mama, huo ni wa Kabula.' Nikadhani ni homa."

Ukungu ulikuwa umeingia hadi sebuleni. Kabula akautafuta mkono wa Ambwene, akaukuta una joto, akaushika.

"Nimekubali," akasema, na hakuwa na hakika anamjibu nani kati ya wale watatu, aliyezikwa akiwemo.